MWANAFUNZI AJAPO KAZINI KWETU WAKATI WA LIKIZO, APATA NINI?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi, Kisii. Imechapwa hapa kama alivyoisoma.)

Mimi si msomi. Shule yangu ilikuwa ya msingi, ya misheni, na mengine nimeyasoma relini kwa sururu na kipimo. Kwa hiyo msitazamie maneno makubwa.

Mwenyekiti aliniandikia barua akaniomba nizungumze juu ya vijana wa vyuo wanaokuja kazini kwetu katika likizo ndefu, wale wanaosomea uhandisi na ujenzi. Wenyewe huliita jambo hili atachimenti. Huko Ulaya na Marekani wanafunzi hulifanya wakati wa kiangazi chao, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kwetu vyuo vingi huwatoa kati ya Mei na Agosti, ingawa siku hizi vingine huwatoa muhula wowote. Mimi leo nitawaita wanagenzi, maana hilo ni neno la siku nyingi la mtu aliye katika kujifunza kazi, na kila mtu hapa analifahamu.

Sababu ya kuniita naijua. Katika tawi hili yako manung'uniko. Mafundi wengine wanasema: kwa nini nimfundishe mtoto huyu, naye kesho atarudi na karatasi yake awe bwana juu yangu? Na vibarua wanasema neno zito zaidi: wanagenzi watano wakiingia mjengoni, vibarua watano huambiwa wapumzike nyumbani. Manung'uniko haya si ya uongo, nami nitayafikia. Lakini kwanza yatupasa kujua huyu mwanagenzi anakuja kuchukua nini kwetu, maana mtu hawezi kupatana bei ya mali asiyoijua.

Kujifunza kazi kwa kukaa kando ya mtu anayeijua si jambo geni Gusii. Nendeni Tabaka mtazame wachongaji wa mawe. Hakuna mtoto wa Tabaka aliyejifunza kuchonga kwa kuandikiwa ubaoni. Hukaa karibu na mkubwa wake, akapewa kwanza kusugua na msasa na maji, halafu kipande kidogo kisicho na thamani, na siku moja akakabidhiwa jiwe zima. Hata katika risaga ya wazee wetu, kijana alijua namna ya kufunga paa kwa sababu aliwashikia kamba wanaume wanaojua. Jambo geni ni hili la chuo kumfundisha mtu ujenzi miaka miwili au mitatu ndani ya chumba, halafu kumwambia: sasa nenda miezi mitatu ukaone jengo lilivyo.

Basi anaona nini? Nitaanza na zege, kwa kuwa wengi wenu ni watu wa mjengo.

Chuoni kijana hufundishwa kwamba nguvu ya zege hutegemea maji na simiti. Huambiwa kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 ukipewa lita 25 za maji, hiyo ni nusu ya uzito wa simiti, na zege litakuwa imara. Hesabu hiyo ni ya kweli. Anaifanya katika mtihani na kupata maksi zote. Halafu anakuja Kisii mwezi wa Mei. Ninyi mwajua mvua yetu: asubuhi jua, alasiri mbingu zimefunguka. Mchanga uliomwagwa jana kando ya barabara umelowa usiku kucha. Kijana anapima lita zake 25 sawasawa kama kitabu kilivyosema, na zege linatoka kama uji wa mtoto. Anashangaa. Kosa liko wapi? Fundi wetu, ambaye hata jina la hesabu ile halijui, anachukua konzi ya mchanga, anaubana mkononi, anafungua kiganja, anautazama, kisha anasema: punguza maji, mchanga huu umekunywa tayari.

Na liko jambo la pili juu ya mchanga huo. Mchanga wenye unyevu huvimba. Waweza kuvimba hata robo nzima zaidi ya ulivyokuwa mkavu. Karai ni lile lile, idadi ya makarai ni ile ile, lakini mchanga ndani yake umepungua na maji yameongezeka. Mwanagenzi aliyeona jambo hili kwa macho yake, akalishika kwa mkono wake, hatalisahau mpaka kufa. Aliyelisoma tu atalisahau jioni ya mtihani.

Ndugu zangu, jambo hili si la mchezo. Tarehe 29 Aprili mwaka 2016, huko Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua, na watu wapatao 50 wakafa. Nchi yetu ilikuwa imekwisha tunga sheria ya Mamlaka ya Ujenzi ya Kitaifa tangu mwaka 2011, ya kuandikisha makontrakta na kuwatambua mafundi na wasimamizi. Sheria ni nzuri. Lakini sheria haisimami kando ya mashine ya kuchanganya zege saa tisa alasiri. Anayesimama pale ni mtu, na mtu yule ama amefundishwa kukataa zege baya, ama hakufundishwa.

Kwa sababu hiyo nasema jambo la kwanza kubwa analolipata mwanagenzi ni kujua ubaya wa kazi kabla haujawa ajali. Kule chuoni vifaa vyote ni vizuri. Mchanga wa chuoni umechujwa, vyuma vimenyooka. Huku kwetu atakutana na mchanga wenye udongo, vyuma vyenye kutu, kokoto za ukubwa wote, mbao zilizopinda, na bwana mwenye jengo anayesema fanyeni haraka fedha zimekwisha. Ataona fundi mwema akisema hapana. Ataona pia fundi mbaya akisema sawa, naye atajua tofauti. Ataona vipande vile vya zege vya milimita 150 kila upande vikipelekwa kuvunjwa baada ya siku 7 na siku 28, na atajua kwa nini mtu mwerevu haondoi mbao za chini kabla ya wakati. Na ataona, akiwa na macho, kwamba kumwagilia zege maji siku zile za mwanzo ni kazi ambayo kila mtu humwachia mwingine.

Sasa nije relini, nyumbani kwangu.

Najua mtacheka, maana hapa Kisii hakuna reli. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na sisi watu wa Gusii huifuata kule. Mimi niko katika genge la njia. Chuma cha reli, kama mjuavyo, hurefuka kwa joto. Reli ya mita 12, jua likiipandisha joto kwa digrii 30, hurefuka milimita 4 na kidogo. Ndiyo sababu kati ya reli na reli huachwa nafasi ndogo, na vile vyuma viwili vya kubana maungio, tunavyoviita fishpleti, huachia reli icheze kidogo.

Mwaka mmoja tuliletewa kijana wa chuo. Hesabu hii aliijua vizuri kuliko mimi. Nilimpa kazi ya kupima nafasi za maungio saa kumi na mbili asubuhi, halafu kuzipima tena saa nane mchana, mahali pale pale, na kuandika. Siku ya kwanza alifurahi, maana vipimo vilikwenda kama kitabu chake. Siku ya tatu tulifika mahali pa mteremko, naye akakuta maungio ambayo hata asubuhi na mapema, baridi ikiwapo, hayana nafasi kabisa. Akadhani kipimo chake kimeharibika. Nyapara wetu, mzee aliyekaribia kustaafu, akamwambia atembee juu ya mteremko mita mia atazame. Kijana akaenda, akakuta huko nafasi ni pana kupita kiasi. Akarudi amenyamaza, kisha akasema: mzee, reli imetambaa. Naam, imetambaa. Uzito wa magari na kufunga breki huisukuma kidogo kidogo kuteremka, ikajikusanya chini. Na mahali ambapo nafasi imekwisha asubuhi, mchana wa jua kali njia huweza kupinda kama nyoka, na gari la moshi likija hapo, Mungu atusaidie.

Kijana yule alipata faida gani? Hakupata hesabu mpya. Hesabu alikuja nayo. Alipata kujua swali la kuuliza. Naye mzee nyapara alipata kitu pia, na jambo hili hatulisemi vya kutosha. Kijana alimchorea katika daftari mstari mmoja wa vipimo vya wiki nzima, mzee akaona kwa mara ya kwanza kwenye karatasi jambo alilolijua kwa miguu miaka thelathini. Akaiomba karatasi ile akaenda nayo kwa mkaguzi, na mkaguzi safari hii akasikiliza. Sisi wafanyakazi mara nyingi twajua ubaya ulipo, lakini hatuna namna ya kuuandika ili wakubwa waamini.

Alijifunza pia kusikiliza. Taruma la chuma lililokaa vizuri juu ya kokoto ukiligonga kwa nyundo hulia mlio mzito. Lililo na utupu chini yake hulia kama debe. Hakuna kitabu kinachoweza kukupa mlio ule. Utaupata tu kwa kutembea kilomita nyingi nyuma ya mtu mwenye nyundo.

Kuhusu viwanda vya chai vya Nyamira, kama Kebirigo, Sanganyi na Tombe, wanachama wa huko watanisahihisha nikikosea. Ninalolijua ni hili: wanafunzi wa mitambo na umeme wakienda katika kiwanda cha chai hujifunza saa. Chuoni mashine ikiharibika huachwa mpaka mwalimu apate nafasi. Kiwandani majani mabichi yameletwa jioni kutoka vituo vya kununulia, yamelazwa yanyauke kwa upepo wa mapanka, na yakikawia huharibika, na mali iliyoharibika ni jasho la mama aliyechuma tangu alfajiri. Beringi moja ikishika moto usiku wa manane, ndipo kijana atakapoona mafundi wawili wakifanya kazi bila kelele na bila kugombana, kila mmoja akijua mkono wa mwenzake utakwenda wapi. Hiyo ndiyo shule ya pili, nayo ni ya kufanya kazi na watu. Mhandisi asiyeweza kuzungumza na fundi bila kumdharau ni hasara kwa nchi, hata akiwa na digrii tatu. Na njia ya kumponya ni kumweka chini ya fundi akiwa bado mdogo.

Tena kuna vijana ambao baada ya miezi mitatu hugundua kwamba kazi hii hawaitaki. Wazazi msihuzunike. Ni afadhali mtoto ajue hivyo baada ya likizo moja kuliko baada ya karo ya miaka minne na ng'ombe wote kuuzwa.

Sasa nayarudia manung'uniko.

Fundi anayesema, nikimfundisha atakuwa bwana juu yangu, namjibu hivi. Ndugu, yeye atakuwa bwana ukimfundisha au usipomfundisha. Karatasi anayo tayari. Lililobaki katika uwezo wako ni awe bwana wa namna gani. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 uhandisi ulikuwa wa Wazungu, ufundi mwingi ulikuwa wa Wahindi, na Mwafrika alipewa sururu na karai. Chuo cha Reli cha Nairobi kilipofunguliwa mwaka 1956, wakati wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, mlango ulianza kufunguka, lakini kwa wachache. Wazee wetu walifichwa kazi makusudi. Fundi alikunja mchoro Mwafrika alipokaribia. Je, na sisi tuwakunjie watoto wetu mchoro?

Nao wazee wa Gusii hawakulala. Katika miaka ya 1970 walichanga harambee wakajenga chuo cha ufundi, Gusii Institute of Technology, ambacho leo ndicho Kisii National Polytechnic. Upande wa Nyamira kuna Ekerubo Gietai na vyuo vingine. Mwenye kuuza ndizi alitoa, mwenye kuku alitoa. Chuo kile si cha watu wengine. Ni fedha zetu zilizogeuka matofali.

Tena, fundi, wewe pia waweza kupata karatasi. Mitihani ya ufundi ya serikali ipo, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Wengi wenu mwaogopa mtihani kwa sababu ya maandishi na michoro. Huyo mwanagenzi aliye mkononi mwako anaijua michoro. Wewe wanyoosha pembe ya nyumba kwa kamba ya futi 3, futi 4 na futi 5, naye ataweza kukuambia kwamba huko shuleni hiyo ni kanuni ya Pythagoras, nawe utaona kwamba ulikuwa ukiijua hesabu yao miaka yote bila kuambiwa. Mpe mkono wako, akupe jicho lake. Saa ya chakula yatosha.

Lakini yule kibarua aliyeambiwa apumzike, huyo nampa haki yake yote. Hapa ndipo jambo lilipoharibika, na Chama kisipolisema hapana mwingine atakayelisema.

Mpwa wangu alipelekwa kwenye jengo moja, sitalitaja, kwa miezi mitatu. Alikuwa akisomea ujenzi. Siku ya kwanza alipewa toroli. Siku ya mwisho alikuwa bado na toroli lile lile. Hakuonyeshwa mchoro hata mara moja, hakushika pimamaji wala timazi. Hakulipwa hata nauli, kwa kuwa, waliambiwa, wao ni wanafunzi, na kujifunza ndiyo mshahara wao. Wakati huo huo vibarua wanne wa jengo lile walikuwa wamesimamishwa. Siku moja alikanyaga ubao wenye msumari, kiatu chake kikiwa cha raba, na sindano ya pepopunda akajilipia mwenyewe. Kile kitabu cha kuandika kazi za kila siku walikijaza jioni moja, wakinakiliana, kikapigwa muhuri. Mwalimu wa chuo alikuja mara moja, akatazama muhuri, akaenda zake. Basi niambieni, mtoto yule alipata nini? Alipata shingo nene. Naye kibarua alipoteza unga wa watoto wake. Na mwenye jengo alipata kazi ya miezi mitatu bila senti. Huo si ugenzi, ndugu zangu. Hiyo ni kazi ya bure iliyovikwa sare ya shule.

Nataka mjue sheria kidogo, maana waajiri wanaijua. Iko sheria ya mafunzo ya kazi, iliyorekebishwa mwaka 2011, ambayo chini yake kuna NITA, ile Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Waajiri hutozwa kodi ya mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Fanyeni hesabu. Mwajiri mwenye watu 100 hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Fedha hizi huhesabiwa kwa vichwa vyetu. Na mwajiri anayefundisha watu kwa utaratibu uliokubaliwa aweza kuomba arudishiwe gharama kutoka mfuko huo. Kwa hiyo mwajiri asituambie kwamba kufundisha ni sadaka anayotoa mfukoni mwake.

Sheria ya pili ni ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007. Hiyo humtaka mwenye mahali pa kazi alinde watu wanaofanya kazi pale, na pia wengine wanaoweza kudhurika na kazi hiyo. Mwanagenzi yumo. Kofia ngumu na viatu si zawadi. Sheria ya tatu, ya mwaka huo huo, ni ya fidia kwa majeraha ya kazini. Hapo muwe macho. Sheria ile inamtaja mwanagenzi aliyeandikwa kwa mkataba. Lakini kijana aliyekuja kwa barua ya chuo tu, bila mkataba na bila mshahara, aweza kuambiwa siku ya ajali kwamba yeye hakuwa mfanyakazi. Wazazi, kabla mtoto hajapanda jukwaa la mbao, ulizeni: bima yake iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Ulizeni chuoni na ulizeni kwa mwajiri. Mtu akikasirikia swali hilo, mjue jibu hana.

Nawaomba tawi likubaliane juu ya mambo machache, nami nimeyazungumza na Katibu.

Kila mwanagenzi awe na fundi wake mmoja anayejulikana kwa jina, asitupwe kama kiroba. Fundi yule ndiye atie sahihi katika kitabu chake kila Ijumaa, baada ya kukisoma, na asipokuwa amefundishwa kitu wiki ile, aandike hivyo hivyo. Kitabu chenye ukweli ni shahidi, na mwalimu wa chuo akiona wiki tatu za toroli ataona aibu aende kwa mwajiri.

Mwanagenzi asihesabiwe badala ya kibarua. Hili ndilo kubwa kwangu. Siku wanagenzi watakapoingia na vibarua wakatolewa, mwakilishi wetu wa mahali pale aje kwa Katibu siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Tusimkasirikie mtoto. Yeye hakuomba nafasi ya mtu. Tumwendee aliyefanya hesabu ile.

Nauli na chakula cha mchana vidaiwe. Mtoto wa kutoka Borabu au Nyamache anayepanda matatu kila siku kuja mjini, kisha akashinda na njaa mpaka jioni, atajifunza nini? Tena mtu mwenye njaa juu ya jukwaa ni hatari kwa wote walio chini.

Na jambo la wasichana. Siku hizi wako wengi katika vyuo vya ufundi, nami nimefurahi kuwaona. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza, walikuwamo wasichana wa Kenya waliofundishwa kuendesha yale magari. Lakini katika mijengo yetu msichana mwanagenzi hutumwa chai. Yule amekuja kujifunza zege, si chai. Mpeni pimamaji. Hakikisheni pana choo chenye mlango. Na fundi anayemsumbua msichana wa watu kwa maneno ya upuuzi, akijificha nyuma ya ukubwa wake, huyo asije kwa Chama kutafuta utetezi. Mimi kwa upande wangu nitapiga kura apelekwe mbele.

Mtu mmoja ameniuliza hapo nje kabla hatujaanza: reli inahusu nini Nyamira? Nimwambie. Katika mpango uliotangazwa wa kuendeleza reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu, njia inapita Narok, Bomet na Nyamira. Kazi kubwa za namna hiyo huja na wahandisi wake kutoka mbali, na swali la siku ya kwanza huwa moja: hapa kuna vijana waliokwisha shika kazi? Kwenye barabara ya Isebania, Kisii hadi Ahero, kilomita 172, mliona wenyewe kazi za kupima udongo, kushindilia na kusoma ngazi zilivyo nyingi. Kijana mwenye cheti peke yake huambiwa asubiri. Kijana mwenye cheti na kitabu chenye sahihi ya fundi anayejulikana, anayeweza kueleza kwa nini mchanga wa Mei haupimwi kama mchanga wa Januari, huyo huitwa ndani. Asipoitwa yeye, kwa watoto wetu itabaki kazi ya kushika bendera nyekundu na kijani kando ya barabara, na wengine watakuja kupima mashamba yetu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo yale uyaweke mbele ya mkutano yapigiwe kura leo. Mwezi wa Mei wanagenzi wataanza kubisha hodi. Orodha ya mafundi walio tayari kuchukua mmoja mmoja iko mezani kwa Katibu, pamoja na kalamu. Jina langu nimeliandika la kwanza kwa upande wa reli, ingawa atakayepangiwa kwangu itambidi apande gari mpaka Kisumu, aje na viatu vigumu na daftari. Waashi wameandika wanne, watu wa umeme mmoja tu, na wa barabara bado.

Nimemaliza. Niko tayari kwa maswali.